Jogoo Aliyeliwa kwa Ajili ya Usalama wa Taifa

"Umempa na kigoda!" Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, sauti inafika kwa jirani wa tatu. "Mtu hujui katoka wapi, hujui kaja na nini, anakuuliza kitongoji kina kaya ngapi, na wewe unampa kigoda akae aulize vizuri!"

"Nilimpa na maji," nikamwambia. "Kama ni mashtaka, yaandike yote."

"Na ukamjibu!"

"Aliuliza kwa adabu."

"Mama Uwimana, wapelelezi wote huuliza kwa adabu. Ulitaka aje akuulize kwa matusi?"

Hapo kweli ilikuwa upande wake, jambo ambalo silipendi na halitokei mara kwa mara. Yule mzee mgeni aliniuliza kaya ni ngapi, nikamtajia na zile zenye choo cha maana. Aliuliza maji tunachota wapi, nikamweleza mpaka saa ambazo kisimani hakuna mtu. Aliuliza nyumba hii ya bati jekundu ni ya nani, nikamwambia ni yetu, na kwamba mume wangu ni mwenyekiti wa kitongoji na mjumbe wa kamati ya ulinzi na usalama ya kijiji, na kwamba kamati hukutana siku ya gulio, na kwamba katika wajumbe wote wenye tochi inayowaka ni wawili. Hakuwa ameuliza habari za tochi. Kama mimi ningepewa siri ya serikali, nchi hii ingeanguka kabla ya chai ya saa nne.

Mume wangu anaitwa Marselino Ndayikunda, ila hapa Kagerankanda watu humwita Waziri. Si kwa kumsifu sana. Ana redio moja iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli isiachane vipande, na kwa redio hiyo husikiliza habari kwa Kirundi, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, kisha jioni hukaa barazani akawaeleza watu nini kimesemwa na nini kimefichwa. Kilichofichwa huwa kirefu zaidi.

Habari yake kubwa miaka hii ni jirani. Hamaanishi jirani wa hapa kijijini. Anamaanisha ile nchi ndogo ya kaskazini, ambayo jina lake halitaji, ati upepo unasikia. Husema "yule jirani mdogo" na kila mtu anajua. Siku moja alinipora vyombo vyangu aeleze hali ilivyo. Sufuria kubwa ikawa Kongo. Kikombe kikawa yule jirani mdogo. Kisahani kikawa Burundi. Sinia langu la kuchambulia mchele likawa Tanzania, na vyote akavipanga juu yake.

"Tazameni," akasema. "Kikombe ni kidogo, lakini kimejaa chai ya moto. Zamani kilikuwa kitupu, hakuna aliyekijali. Sasa kimejaa, kinatoa mvuke. Sufuria imeshaungua upande mmoja. Kisahani kinaogopa kumwagikiwa, ndiyo maana kikafunga mpaka. Na sinia je?"

"Sinia linatakiwa na mwenyewe," nikasema. "Mchele unaningoja."

"Sinia halipigani na kikombe," akaendelea, kana kwamba ni upepo umepita. "Sinia linakaa imara, linaangalia nani anateleza kuja ukingoni. Na ukingo ni sisi hapa."

Watu wakatikisa vichwa. Nami nikatikisa, ingawa nilikuwa nimekasirika, kwa sababu mwanamume akiwa mjinga ni rahisi kumcheka, lakini akisema jambo likaingia akilini ukiwa na njaa, unabaki huna la kufanya.

Na kweli likatufikia hapa ukingoni. Jirani mdogo alinyanyuka, Burundi wakaogopa, na hofu ya Burundi ikavuka mto bila kibali kama inavyovuka siku zote. Wajumbe wa kamati wakaitwa kwenye semina, darasani pale shule ya msingi, wakakalia madawati ya watoto magoti yakigusa videvu. Mtoa mada aliongea kwa upole, anavyosimulia Marselino. Alisema hatuna ugomvi na nchi yoyote, ila jirani yako akinunua mbwa mkali, wewe huendi kumpiga mawe mbwa wake. Unakwenda kutazama kama mlango wako una komeo. Komeo, akasema, ni kitongoji. Mtazameni mgeni anayeuliza habari za nyumba, maji, njia na viongozi.

Marselino alirudi amebadilika mwendo. Nami, niseme ukweli, nilibadilika zaidi yake. Mke wa Waziri! Nilianza kukaa benchi la mbele kanisani. Nilianza kuwauliza wageni wa jirani zangu majina ya bibi zao. Kwetu Muyama nilikozaliwa nilikuwa nimesoma mpaka darasa la saba nikarudishwa jembeni, na sasa naambiwa nchi inaanzia mlangoni kwangu. Nani angekataa cheo hicho? Nilijiteua naibu. Hakuna aliyepinga kwa sababu hakuna aliyeambiwa.

Sasa nirudi nyuma kidogo nitaje jambo la binti, maana ndilo lililokuwa chini ya mengine yote.

Uwimana ni mzaliwa wetu wa kwanza. Anashona nguo Kibondo mjini, ana cherehani yake na wateja wake, na ana miaka ishirini na tisa. Kwa watu wa mjini umri huo ni kitu cha kawaida. Kwa mashangazi wa Marselino ni msiba unaosubiri kutangazwa. Krismasi alipokuja aliniambia jikoni, macho kwenye moto, kwamba kuna kijana anaitwa Moses, fundi pikipiki, mtu wa Gwarama kule Kakonko, na kwamba nyumbani kwa kijana wameanza kumzungumzia yeye Uwimana. Nilimwambia baba yake. Kesho yake alikwenda kurekebisha mlango wa choo.

Desturi yetu ya huku iko wazi. Watu wa mvulana hawaji tu wakapiga hodi na pombe. Kwanza humtuma mshenga, mtu mzima mwenye macho, aje kimya kimya aitazame nyumba ya binti. Wanakula nini? Wanagombana? Wanakaaje na majirani? Binti haruhusiwi kuwatonya wazazi wake, wasije wakafagia uongo. Na mshenga mwenyewe haruhusiwi kusema alichotumwa siku hiyo, hata aulizweje. Akikisema kabla ya wakati, uchumba umekufa, na watu wake watamlaumu mpaka kaburini.

Wewe unayesoma umeshajua mgeni wangu wa kigoda alikuwa nani. Sisi hatukujua. Desturi tunaijua tangu tumbo la mama, na hamu ya kupata mkwe tulikuwa nayo kama njaa, lakini siku hiyo tulikuwa na kazi ya kulinda taifa.

Marselino alipomaliza kunigombeza alimwita Fidele, mgambo wetu, kijana mnene mwenye filimbi. Wakamkuta yule mzee kwenye njia ya kanisani, amesimama na mama mmoja, anamuuliza kama wale wa bati jekundu husikika wakigombana. Bila shaka tulikuwa tumesikika asubuhi hiyohiyo. Wakamleta. Alikuwa mrefu, mwembamba, koti la zamani lililopigwa pasi, mwavuli mkononi, na kwapani jogoo mwekundu aliyekuwa anatutazama sote kwa dharau.

Wakamkalisha sebuleni. Nami nikaingia na ufagio, ati nafagia.

"Jina?" Marselino akauliza.

"Niyomwungere."

"Unatoka wapi?"

"Upande wa Kakonko."

Fidele akamtazama Marselino. Kakonko ni kaskazini. Yule jirani mdogo yuko kaskazini. Hesabu ikajikamilisha yenyewe.

"Una kitambulisho?"

Akatoa. Kilikuwa halali, cha taifa, na picha yake akiwa amekunja uso vilevile. Marselino akakigeuza huku na huku, mwisho akasema kitambulisho kizuri kupita kiasi nacho kinatia shaka.

"Umekuja kufanya nini Kagerankanda, mzee wangu?"

"Kutazama."

"Kutazama nini?"

"Nyumba, na watu wake."

Ufagio ukaniponyoka.

"Umetumwa?"

"Nimetumwa."

"Na nani?"

Mzee akaweka mwavuli katikati ya magoti, akakunja mikono juu yake. "Hilo siwezi kusema leo."

"Yebaba wee!" Fidele akapiga yowe. "Anakiri huku amekaa!"

"Utasema lini?" Marselino akauliza.

"Wakati wake ukifika mtajua. Mtajua wote, hata huyu kijana mwenye filimbi."

Jamani. Semina nzima haikuwa imewaandaa kwa mtu wa namna hii. Mtendaji wa kijiji alikuwa Kasulu kikaoni. Wakampigia, akasema wamhifadhi mtu na vitu vyake bila kumgusa mpaka arudi. Basi mzee akawekwa kwenye banda langu la maharage, mlango wazi, juu ya gunia, mwavuli wake kando. Simu yake akaishika Marselino. Ikawa inaita, inanyamaza, inaita tena. Kila ikiita Fidele alikuwa anasema, "Wakubwa zake wanamtafuta," na Marselino anaitazama kwa heshima, lakini haipokei.

Akabaki jogoo.

Fidele ndiye aliyeona waya. Mguu wa kushoto wa yule jogoo ulikuwa umezungushiwa waya mwembamba wa shaba. Mtu yeyote anayefuga kuku huku anajua waya huo: ni alama, usije ukagombana na jirani kuku ni wa nani. Mimi nina kuku, najua. Marselino ana macho, anajua. Lakini redioni ilikuwa imesemwa sana habari ya vile vidude vinavyoruka bila mtu ndani, na vitu vidogo vinavyopeleka habari mbali.

"Waya ni waya," Fidele akasema. "Hatujui ndani kuna nini."

"Ndani ya jogoo?" nikauliza.

"Mama, teknolojia imekua."

Ningeweza kucheka hapo, mambo yakaishia hapo. Nilisema nini mimi, naibu? Nilisema, "Basi achunguzwe."

Na jogoo hachunguzwi akiwa hai.

Nilimchemshia maji mwenyewe. Nilimnyonyoa mwenyewe. Marselino na Fidele walisimama pembeni kama madaktari, na nilipopasua firigisi walisogea. Tukakuta mahindi, kokoto na kifungo kimoja cha shati, cheupe. Fidele akakiosha kifungo, akakifunga kwenye kipande cha nailoni, akasema hicho kitahitaji uchunguzi zaidi. Jogoo mwenyewe uchunguzi wake ulikuwa umekamilika, naye hakuweza kurudishiwa manyoya, basi nikamuunga na mawese na nyanya. Usiniulize kama alikuwa mtamu. Majogoo wa Gwarama wanatembea sana, lakini mchuzi wao ni wa haki.

Sasa, mama yangu alinifundisha kwamba chakula hakiliwi mgeni akitazama, hata kama mgeni ni mwizi. Nikapakua ugali wa muhogo, nikachagua paja, nikampelekea mzee bandani. Nilimpigia goti kwa mazoea.

Akalitazama paja kwa muda. "Huyu namfahamu," akasema.

"Tulimchunguza, baba."

"Mkaona nini?"

"Kifungo."

Akatikisa kichwa polepole, akanawa, akala. Alipomaliza akaomba mchuzi wa kuongeza. Nikamwongezea. Niliporudi ndani nilimwambia Marselino kwamba kwa mpelelezi, ana adabu sana mezani.

Jua lilikuwa bado juu ya migomba nilipokuwa nasugua sufuria na simu yangu ikaita. Uwimana.

"Shikamoo Mama. Mama, samahani, najua sitakiwi kuuliza. Lakini hapokei simu, na Moses ana wasiwasi. Kuna mzee kapita hapo leo?"

"Mzee gani?"

"Mrefu. Ana mwavuli. Ana jogoo mwekundu."

Nikaitazama mifupa kwenye sahani. "Jogoo wa namna gani?" nikauliza, kana kwamba mkoa wa Kigoma umejaa wazee warefu wenye miavuli na majogoo.

"Ana waya mguuni. Moses ndiye alimfunga. Mama, yule mzee ni baba yake mkubwa. Mama? Mbona kimya? Wewe?"

Binti yangu ananijua miaka ishirini na tisa na hajawahi kunisikia kimya. Ndiyo maana alielewa upesi.

Sitaeleza sana namna Marselino alivyotoka kwenye kiti chake. Alikwenda bandani akasimama mlangoni na simu ya watu mkononi. Fidele aliingiza filimbi mfukoni akapotelea migombani. Mzee Niyomwungere akainuka, akakung'uta vumbi la maharage kwenye koti, akapokea simu yake, akachukua mwavuli. Marselino akaanza, "Mzee wangu, sisi, ile semina..." Mzee akainua mkono. Wakati wake wa kusema ulikuwa haujafika, kwa hiyo hata kusamehe hakuwa na ruhusa.

"Nyumba nimeiona," akasema. Akapanda bodaboda kwenda Kasulu.

Maneno mawili hayo yalitunyima usingizi. Nyumba ameiona, halafu? Kutoka Gwarama ukaja ukimya. Wiki zikapita. Uwimana akatutumia ujumbe mmoja tu: "Mwambie Baba amelinda vizuri." Akipigiwa anasema ana wateja. Kijijini nako watu wakapata mchezo. Mtoto akiokota kifungo njiani anakileta kwetu, ati kwa uchunguzi. Nilikuwa nawafukuza kwa mwiko, kisha nakwenda nyuma ya nyumba nacheka peke yangu, kisha nakumbuka Uwimana, kicheko kinakauka.

Redio ikakaa kimya kwenye rafu. Hapo ndipo nilipojua Marselino anaumwa.

Tulikuwa tunapepeta maharage uani siku moja, yeye na ungo mdogo, mimi na mkubwa, akaongea bila kuniangalia.

"Mama Uwimana, unajua kwa nini sikumuuliza vizuri yule mzee?"

"Kwa sababu wewe ni Waziri."

"Eka," akasema, hapana. "Sikia. Mama yangu alinivusha mto mgongoni mwaka wa sabini na mbili, akikimbia mauaji ya Burundi. Nilikuwa na meno mawili. Nimesoma hapa, nimelima hapa, cheti cha uraia kiko kwenye sanduku unalolijua. Lakini kila jirani wa nje akikohoa, ninayetazamwa kifua ni mimi. Siku jambo likiharibika kitongoji hiki, hawatauliza mgeni alipita njia gani. Watauliza alipita kwa Mrundi gani. Basi nilitaka niwe wa kwanza kukamata. Yeyote. Nikamkamata mkwe wangu."

Mimi ni Muha wa Muyama, hakuna aliyewahi kuniuliza bibi yangu alizikwa wapi. Na mimi ndiye niliyekuwa nawauliza wenzangu bibi zao, kwa raha tu, nikirudi kisimani.

Akapepeta ungo wa mwisho, akasema, "Nitapeleka jogoo."

"Wapi?"

"Gwarama."

"Baba Uwimana! Baba wa binti haendi kwa watu wa mvulana kabla hawajaleta hata kibuyu cha pombe. Utamalizia kuua kilichobaki."

"Siendi kama baba wa binti. Naenda kama mtu aliyekula kuku wa watu."

Nilimchagua jogoo mimi, mweupe, mzito, kiongozi wa banda langu, na nikasema nakwenda naye, maana akienda peke yake angeweza kumkamata mtu mwingine njiani. Tukapanda basi Kasulu. Kibondo tukapita nyuma ya kibanda cha Uwimana tumeinama kama wezi wa cherehani, asituone. Kutoka hapo gari jingine mpaka Kakonko, kisha bodaboda, mimi katikati na jogoo mapajani ananinyea kanga yangu nzuri.

Pa kuingilia kijijini palikuwa na gogo limelazwa njiani, na vijana wa ulinzi wa kijiji chini ya turubai. Nao walikuwa na semina yao. Ukingo ni ukingo.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba."

"Mnatoka wapi?"

"Kagerankanda," Marselino akasema.

"Mbali huko. Mnakwenda kwa nani?"

Mume wangu akanitazama. Akitaja jina, jioni hiyo Gwarama nzima ingejua baba wa binti amekuja kubisha hodi kwa wakwe hajaitwa. Binti angeitwa aliyepelekwa kama nyanya za sokoni.

"Siwezi kusema leo," akasema.

Vijana wakatazamana. Nilijua mtazamo ule. Nimewahi kuusimamia nikiwa na ufagio.

"Mzee, funguka basi. Mmetumwa?"

"Hapana."

"Jogoo wa nini?"

"Wa mtu."

"Mtu gani?"

Marselino akalitazama gogo. Mmoja wao, mwerevu, akaniletea mimi kigoda. Akaniletea na maji kwenye kikombe safi. "Mama, pole na safari," akasema kwa adabu tamu kabisa. "Tuambie tu wewe."

Mungu ananiona. Nilikunywa yale maji. Nilikalia kile kigoda. Maneno yalinijaa mdomoni kama ugali wa moto, jina, kijana, cherehani, kila kitu, na nikaukaza mdomo mpaka taya zikauma. Nikasema tu, "Asante, mwanangu." Marselino aliniangalia kama mtu anayeona mbuzi amepanda mti.

"Basi," kijana akasema, "mtasubiri mjumbe wa kamati aje awaone."

Tukasubiri. Akaja mjumbe wa kamati ya ulinzi ya hapo, anatembea taratibu barabarani, mrefu, koti lililopigwa pasi, mwavuli.

Marselino akainuka.

"Hawa wanasema wanatoka Kagerankanda, mzee," kijana akaripoti. "Wana jogoo, hawasemi wa nani. Unawafahamu?"

Mzee Niyomwungere alitutazama. Alianza na mimi, akaja kwa mume wangu, akamaliza kwa jogoo, na kwa jogoo alikaa sana. Angesema hapana, tungelala hapo tukingoja mtendaji wa kwao, na hadithi ingefika Kibondo kabla yetu, na Uwimana angebaki na cherehani yake.

"Mmemchunguza huyo?" akawauliza vijana, kidole kwa jogoo.

"Bado, mzee."

"Msimchunguze. Najua uchunguzi wake unaishia wapi." Akageukia turubai. "Wazee hawa nawafahamu. Huyu bwana ni mdeni wangu. Toeni gogo."

Tukatembea naye mpaka pembeni, penye kivuli cha ukuta wa ghala, vijana wasisikie. Marselino akapiga goti moja, akamwinua jogoo kwa mikono miwili. Hakusema habari ya semina wala kikombe cha chai ya moto. Alisema, "Nilikula cha kwako."

Nami nikafungua fundo la kanga, penye kifungo nilichomnyang'anya Fidele. "Na hiki, baba. Uchunguzi umekamilika."

Mzee akakipokea kile kifungo, akakiinua mwangani, akafungua koti. Shati lake jeupe, kifungo cha tatu kutoka juu hakikuwepo, palikuwa na pini. "Nimekuwa nikimgombeza mke wangu kwa kifungo hiki tangu Krismasi," akasema. Akakitia mfukoni.

Kisha akamsukuma jogoo, taratibu, akarudi kifuani kwa Marselino.

"Mrudishe nyumbani. Mfugeni, anenepe. Tukimaliza kuvuna mtakuwa na wageni, na wageni hao ni walaji."

Nikampokea jogoo.

"Mzee wangu," Marselino akasema, "ulisema nyumba umeiona. Tulidhani..."

"Niliiona. Nilitumwa kuangalia kama mna mkono wa birika. Nimewaambia watu wangu, nyumba ambayo mfungwa anapewa paja, binti yake hawezi kutunyima chumvi."

"Na deni la jogoo?"

"Nilikula paja la jogoo yule, na mama hapa akaniongezea mchuzi," akasema, akifunga koti lake. "Mimi sina ninachokudai tena."